Keria ya Basi la Ifakara

Mara ya mwisho nilipokwenda nyumbani Ifakara nilipandia basi Mbezi, Stendi ya Magufuli, alfajiri. Lilikuwa basi la Kichina: siti mbili kwa mbili, kiyoyozi, pazia, na kitundu cha kuchajia simu kando ya kila siti. Kabla sijapanda nilifanya kitu ambacho nimekuwa nikikifanya tangu utoto: nilitazama juu ya paa. Hapakuwa na keria. Hapakuwa na ngazi ya nyuma, wala turubai, wala kijana aliyesimama kule juu akipokea magunia na kupigiwa kelele na wenye magunia.

Nataka niandike kidogo historia ya paa hilo. Sisi wapenda vitabu tumezoea kuitafuta kumbukumbu ya jamii kwenye riwaya na mashairi, na ni sawa. Lakini basi nalo linasomeka. Mlango uko wapi, injini iko wapi, dirisha linafunguka vipi, mzigo unakaa wapi: kila kimoja ni jibu la mtu fulani kwa swali moja, kwamba nani atasafiri na atabeba nini. Kwenye Bonde la Kilombero swali hilo lilijibiwa kivyake kwa miaka mingi, na jibu limebadilika mimi nikiwa naangalia.

Kwa asiyepajua kwetu: unatoka Dar, unapita Morogoro, unakatiza Hifadhi ya Mikumi, na ukifika Mikumi mjini unaiacha barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia, unashika kushoto. Kutoka hapo hadi Ifakara ni kama kilometa 100. Unapita Kidatu na miwa yake, unavuka Ruaha Mkuu, halafu milima ya Udzungwa inakaa upande wako wa kulia na bonde upande wa kushoto: Mang'ula, Kisawasawa, Kiberege, mpaka Kibaoni na Ifakara yenyewe. Ukisonga mbele kidogo unakutana na mto Kilombero, na ng'ambo yake kuna Mahenge na Malinyi. Bonde hili ni la maji. Tangu mwaka 2002 limo kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu za dunia, zaidi ya kilometa za mraba 7,900. Udongo wake ni mweusi. Kiangazi unapasuka, masika unashika tairi kama umelipwa kufanya hivyo.

Weka hayo akilini, maana basi la kwetu lilianzia kwenye udongo huo.

Historia rasmi ya mabasi ya nchi hii huanza Dar. Kulikuwa na kampuni ya Kiingereza iliyoitwa Dar es Salaam Motor Transport, watu wakaifupisha DMT. Serikali iliitaifisha mwaka 1970, na mwaka 1974 ikagawanywa mara mbili: UDA ikachukua mabasi ya mjini, KAMATA ikachukua ya mikoani. Leo KAMATA haipo, ila jina limebaki pale Gerezani. Nilipofika Dar mara ya kwanza nikasikia konda anaita "Kamata! Kamata!" nilidhani kuna mwizi.

Zama za KAMATA neno ushindani halikuwa na maana kubwa. Shirika lilikuwa la umma, nauli ilipangwa, na abiria alishukuru basi likija. Halafu mambo yakaharibika. Bei ya mafuta ilipanda, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala fedha za kigeni, vipuri vikaadimika. Basi lilikufa kwa kukosa kifaa kidogo tu, likaegeshwa, kisha likaanza kuchomolewa viungo ili kuponya mengine. Waliokuwa watu wazima wakati ule wanakumbuka kulala stendi siku mbili, tatu.

Bonde letu lilikuwa na bahati moja ambayo sehemu nyingine hazikuwa nayo. Reli. TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China, ikakabidhiwa 1976, kilometa 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, na ikapita katikati yetu: Mang'ula, Kiberege, Ifakara, Chita, Mlimba. Vitabu vingi vinaisimulia kama reli ya shaba ya Zambia na ukombozi wa Kusini mwa Afrika. Mwanahistoria Jamie Monson, katika *Africa's Freedom Railway* cha mwaka 2009, alienda kuitazama kutokea chini, kwa watu wa bonde hili, na miongoni mwa vielelezo vyake ni risiti za vifurushi za stesheni. Nilipokisoma nilifurahi mno. Risiti! Mtu amepakia mchele, mwingine ndizi, mwingine kuku, na ile karatasi ndogo ya stesheni ikaja kuwa historia.

Kwa hiyo mshindani wa kwanza wa basi la Ifakara hakuwa basi jingine. Alikuwa treni, na treni ilikuwa na mlango mpana na behewa la mizigo. Mwenye basi aliyetaka kuchukua abiria wa bondeni ilimpasa ashindane na hilo behewa. Treni ilikuwa na udhaifu wake: haikuja kila siku, na ikichelewa inachelewa kweli. Basi linakuja leo, linapita mbele ya nyumba yako, linasimama ukipunga mkono. Lakini kama halibebi gunia, mama wa Kiberege analiangalia tu likipita.

Mwaka 1984 serikali ilianza kuruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni. Kuanzia hapo, na zaidi baada ya Mwinyi kushika nchi mwaka 1985, magari ya watu binafsi yakaanza kujaa barabarani. Mabasi mengi ya wakati ule, ukiyavua bati, yalikuwa malori. Chasisi inanunuliwa tupu: injini mbele, usukani, fremu ndefu, matairi. Scania zilikuwa zikiunganishwa hapa hapa, Kibaha, kwenye kiwanda cha TAMCO. Chasisi inapelekwa kwa fundi bodi, naye anasimamisha mbavu za chuma, anazivisha bati, anafunga siti tatu upande mmoja na mbili upande wa pili, anaweka madirisha ya kusukuma, na juu anachomelea keria, na nyuma ngazi ya kupandia.

Baba yangu mdogo alikuwa utingo wa basi la namna hiyo kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ndiye aliyenifundisha kulisoma. Kila nilichodhani ni ushamba, yeye alinionyesha sababu yake.

Injini iko mbele, inanguruma ndani ya basi, na waliokaa karibu na dereva wanaungua miguu. Kwa nini? Kwa sababu nyuma ndiko kunakofuka vumbi lote linalotimuliwa na matairi, na rejeta ikiwekwa huko inaziba. Isitoshe basi la injini ya nyuma hubeba uzito wote kwenye mkia, na mkia ule ukishuka kwenye korongo unagota. Basi liko juu kama jukwaa, bibi anapandishwa kwa kushikwa mkono. Kwa nini? Kwa sababu kati ya Kidatu na Ifakara masika, maji yanakatiza barabara kila unapogeuka. Springi ni za vyuma vilivyopangwa kama kurasa, zinakutingisha mpaka utumbo. Kwa nini zisiwe zile za mifuko ya hewa? Kwa sababu springi ya chuma ikikatika unatafuta kipande cha mti na mpira wa tairi, unafunga, unaenda. Mfuko wa hewa ukipasuka Kisawasawa utamwita nani?

Na keria? Keria ndiyo ilikuwa biashara yenyewe. Wenye mabasi waliokuwa wakigombea njia yetu hawakushindana kwa siti. Walishindana kwa paa. Watu walijua basi lipi keria yake ni ndefu mpaka nyuma na lipi ni nusu, utingo yupi anafunga mzigo ukafika na yupi gunia lake huchanika njiani. Mama yangu aliuza mchele Morogoro, gunia mbili au tatu kwa safari, na alichagua basi kwa kumtazama utingo. Jina lililoandikwa ubavuni wala hakulisoma. Kama baba mdogo yuko zamu, anasafiri. Kama hayupo, anasubiri kesho.

Kuna jambo jingine ambalo nimelielewa baadaye. Mwenye gunia alisafiri na gunia lake. Alilala akijua liko juu ya kichwa chake, na Morogoro akashuka nalo, akalipeleka sokoni mwenyewe, akapokea hela mwenyewe. Hapakuwa na mtu kati yake na soko isipokuwa utingo na mbeba mizigo wa stendi. Kwa mwanamke asiye na lori, asiye na ghala, asiye na mtu wa kumwamini mjini, ile keria ilikuwa ndiyo lori na ghala lake.

Na madirisha ya kusukuma yalikuwa duka. Kidatu unanunua miwa iliyomenywa, Mang'ula ndizi, mbele huko samaki wa kukausha na machungwa. Mkono unatoka, hela inashuka, mzigo unapanda, basi limeshaanza kuondoka na muuzaji anakimbia na chenji yako. Watoto wengi wa barabara ile wamesomeshwa kwa madirisha ya mabasi.

Wakati huo huo, kwenye lami, hadithi ilikuwa nyingine kabisa. Barabara kuu ya Zambia ilikuwa na lami tangu miaka ya 1970, na pale ushindani ulikuwa wa mwendo. Katika miaka ya 1990 serikali ilipiga marufuku mabasi kusafiri usiku, baada ya ajali kuzidi. Nia ilikuwa njema, lakini tazama kilichotokea: mabasi yote yaliondoka saa 12 asubuhi kwa pamoja, na Mbeya iko zaidi ya kilometa 800. Lazima ufike kabla marufuku haijakukuta. Basi lenye injini kubwa likawa ndilo tangazo. Abiria wenyewe walishangilia dereva akimpita mwenzake, halafu wakaanza kuomba Mungu.

Ndipo ikaja Scandinavia. Kwa kizazi changu hilo ni jina la kampuni ya mabasi kwanza, na eneo la Ulaya baadaye. Ilikuja na stendi yake binafsi Dar, kwenye kona ya Barabara ya Nyerere na Msimbazi, jirani kabisa na Kamata. Ilikuja na tiketi yenye namba ya siti inayoheshimiwa, muda wa kuondoka unaoheshimiwa, na soda na biskuti njiani. Mabasi yake yalikwenda mpaka Nairobi, Kampala na Lusaka. Kwa mara ya kwanza kampuni ya mabasi iliuza kitu ambacho si kufika tu. Ilimuuzia abiria heshima. Nayo haikudumu. Kufikia mwisho wa muongo wa kwanza wa 2000 ilikuwa imeshatoweka barabarani, lakini waliobaki walikuwa wameshajifunza kwake.

Jirani zetu Kenya walipitia njia inayofanana: Akamba, kampuni iliyotawala barabara zao kwa miongo, ilianguka mwaka 2012. Inaonekana kwenye biashara hii kuwa mkubwa si kinga.

Kilichobadilisha kila kitu ni Wachina, kwa mara ya pili. Mara ya kwanza walituletea reli. Mara ya pili wakaleta Yutong, Higer, Zhongtong na wenzao. Haya si malori yaliyovishwa bati. Ni mabasi tangu kiwandani: injini nyuma, mifuko ya hewa, buti kubwa tumboni, kioo kikubwa kisichofunguka, kiyoyozi. Bei yake iliwawezesha hata wenye mabasi wa kati kununua jipya badala ya kujenga. Mabasi ya Morogoro, Abood kwa mfano, ambayo tuliyajua zamani kwa sura nyingine, yakaanza kufanana na ya Arusha na ya Mwanza. Fundi bodi akabaki na kazi ya kunyoosha yaliyogongwa.

Lakini kwetu bondeni hayakuja mara moja. Lami iliishia Kidatu. Kwa miaka mingi basi jipya lilikuwa linakuja mpaka pale linasita. Buti la tumboni ndilo la kwanza kugusa tuta la tope. Waliothubutu kulileta masika walilipeleka gereji wakati wa kiangazi. Kwa hiyo njia yetu ikawa ya mabasi yaliyozeeka kwenye njia nyingine: yalimaliza ujana wao kwenye lami, yakaja kufia bondeni, yakiwa bado na maandishi ya miji ambayo hatukuwahi kufika. Tuliyacheka, na tuliyapanda.

Na mto bado ulikuwa mto. Kuvuka Kilombero kwenda Mahenge kulikuwa kwa kivuko, na Januari 2016 kivuko kilizama. Baadaye likaja Daraja la Magufuli, mita 384, lililofunguliwa mwaka 2018. Kisha barabara: kilometa 66.9 kutoka Kidatu hadi Ifakara, kwa fedha za Umoja wa Ulaya na wafadhili wengine, kazi iliyoanza 2017 na kuchukua miaka kuliko tulivyoahidiwa. Agosti 2024 Rais Samia Suluhu Hassan aliifungua. Mwaka mmoja kabla, Oktoba 2023, mabasi yalikuwa yameruhusiwa tena kusafiri usiku.

Hapo basi la keria likaisha. Hakuna aliyelipiga marufuku njia yetu. Sababu zake tu ndizo zilizokwisha, moja baada ya nyingine: vumbi, korongo, maji, springi.

Nisingependa mtu anisome kama ninayelilia. Baba mdogo anatembea kwa kuchechemea. Masika moja basi lao liliteleza kutoka kwenye tuta la barabara, taratibu kabisa, mwendo wa mtu anayetembea. Lingeweza kusimama likainama tu. Lakini juu kulikuwa na magunia zaidi ya arobaini, na magunia yale yakalivuta likalala ubavu. Yeye alikuwa juu yao. Ile keria iliyomlisha ndiyo iliyomvunja mguu, na ananiambia hivyo hivyo, bila uchungu, kama anayeeleza kwa nini mvua hunyesha. Ukipandisha mzigo juu, basi linakuwa na kichwa kizito kuliko miguu. Kila mtu alijua. Ushindani ulikuwa wa nani atapandisha zaidi.

Kwa hiyo lami imeokoa watu, na basi la chini lenye buti tumboni ni salama kuliko jukwaa letu la zamani. Safari ya Dar ambayo masika iliwahi kula siku nzima na kipande cha usiku sasa unakula chakula cha mchana umeshafika. Wagonjwa wanaokimbizwa hospitali ya Mtakatifu Fransisko kutoka vijijini wanajua thamani ya barabara hiyo kuliko mimi mwandishi.

Ila kuna swali la zamani, nani atasafiri na atabeba nini, ambalo limepata jibu jipya bila mtu kuulizwa. Mamlaka ya usafiri, LATRA, hupanga nauli kwa kichwa cha abiria na kwa kilometa. Viwango vilivyoanza Desemba 2023 vilikuwa shilingi 48.47 kwa daraja la kawaida na 67.84 kwa daraja la kati. Kichwa kina bei yake. Gunia halina kichwa. Gunia linajadiliwa pale pale mlangoni, na mwenye nguvu kwenye majadiliano hayo si mwenye gunia.

Siku ile niliyoanza nayo, nilipofika Ifakara na kukaa wiki, tulirudi pamoja na mama mpaka Morogoro. Alikuwa na magunia mawili. Konda, kijana mwenye adabu, akamtazama, akamwambia, "Mama, shikamoo. Haya hayaingii, buti limejaa mabegi. Yapeleke kwenye lori la mizigo, kesho yanafika."

"Marahaba, mwanangu. Na huko nani anayapokea?"

Konda hakuwa na jibu, wala halikuwa kosa lake. Tukayapeleka kwenye lori. Akaandikiwa karatasi yenye namba ya simu ya mtu asiyemjua. Kisha tukapanda, mama akapewa siti ya dirishani, akapewa maji ya chupa.

Pale Mang'ula basi lilipunguza mwendo kwenye matuta. Wauza ndizi wakakimbia ubavuni wakiinua mikungu mpaka usawa wa kioo. Mama akanyoosha mkono kutafuta pa kusukuma dirisha. Akapapasa juu, akapapasa chini, akaniangalia. Nikamwambia halifunguki. Akawapungia wale wasichana kwa ishara ya kuomba radhi, akaishika ile karatasi ya lori mkononi, na hakuiachia mpaka tulipofika Msamvu.